Lita, Kilomita na Logibuku: Hesabu ya Mafuta kwa Safari za Tabora na Kigoma

Ukimuuliza mwenye gari hapa Tabora gari lake linakula kiasi gani, mara nyingi atakujibu kwa shilingi: "Naweka ya elfu hamsini, natembelea siku tatu." Mwingine atakuambia, "Hii inanusa tu." Kijiweni majibu hayo yanatosha. Hayatoshi siku unapompa dereva mafuta ya kwenda Kigoma na kurudi, zaidi ya kilomita 400 kila upande kupitia Urambo, Kaliua, Malagarasi na Uvinza, huku ukijua kwamba ukimpunja atakwama porini na ukimzidishia utaanza kumshuku.

Nimesimamia Fuso na pikapu ya dizeli kwa miaka kadhaa. Nimeona dereva mzuri akiachishwa kazi kwa lita ambazo hakuziiba, na nimeona tajiri akiibiwa msimu mzima bila kujua. Wote wawili walikosa kitu kimoja: namba ya gari lenyewe, yaani linatembea kilomita ngapi kwa lita, iliyopimwa na kuandikwa. Chukua daftari, kalamu na kikokotoo cha simu, tuipate.

Hatua ya kwanza: andika lita, acha shilingi kwanza

EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, Jumatano ya kwanza, na bei ya Kigoma haifanani na ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama za kuyasafirisha hadi huku. Kwa hiyo "ya elfu hamsini" si kipimo. Tuseme lita ni shilingi 3,000 (natumia bei hii kurahisisha hesabu tu, wewe weka ya siku hiyo):

50,000 ÷ 3,000 = lita 16.67

Mwezi ujao bei ikawa 3,200:

50,000 ÷ 3,200 = lita 15.63

Lita moja nzima imeondoka na gari halijabadilika. Anayehesabu kwa shilingi ataona gari "limeanza kula", atalipeleka kwa fundi, na fundi atapata cha kubadilisha.

Dai risiti kila unapoweka mafuta. Ina lita, bei na tarehe. Kabla mhudumu hajaanza, hakikisha pampu inasoma sifuri, na angalia kama ina stika ya Wakala wa Vipimo. Ukishuku pampu, usiipime kwa dumu lako. Dumu tunaloliita la lita 20 likijazwa mpaka shingoni huchukua zaidi ya lita 20, hivyo linaweza kumtia hatiani asiye na kosa au kumsafisha mwenye kosa. Kipimo halali cha lita 20 ni cha chuma, na kimehakikiwa na Wakala.

Hatua ya pili: jaza mpaka jaza

Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, na haihitaji kifaa chochote.

Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe. Ikishakata mara ya kwanza, acha hapo hapo. Usigongelee gari wala kuongeza "ya kufungia hesabu", kwa sababu safari ijayo hutajua uliongeza kiasi gani. Soma kilomita kwenye dashibodi, andika. Tembea. Mafuta yoyote utakayoongeza njiani, andika lita zake. Ukirudi, jaza tena mpaka pampu ikate, ikiwezekana kituo kile kile, pampu ile ile, gari likisimama pale pale kwenye sakafu tambarare. Soma kilomita tena.

Mfano wa pikapu yetu:

Kilomita wakati wa kujaza mara ya kwanza: 142,315
Iliongezwa Kigoma: lita 30
Kujaza tena Tabora: lita 55.4, kilomita 143,190

Umbali: 143,190 − 142,315 = kilomita 875
Mafuta: 30 + 55.4 = lita 85.4
875 ÷ 85.4 = kilomita 10.2 kwa lita

Lita za kujaza mara ya kwanza hazimo kwenye hesabu. Wengi hukosea hapo. Zile zilikuwa za kufikisha tenki kwenye alama ya kuanzia. Kilichotumika ni kile kilichohitajika kulirudisha kwenye alama hiyo.

Usitumie geji kukadiria lita. Matenki mengi hayana umbo la sanduku, kwa hiyo robo ya juu na robo ya chini ya geji hazibebi lita sawa, na gari likisimama mlimani sindano huhama bila tone kutumika. Geji ni ya kukukumbusha kutafuta sheli, basi.

Pima kwenda na kurudi, usipime upande mmoja. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Anayeshuka Kigoma anasaidiwa na mteremko wa zaidi ya mita 400 kwa ujumla, na anayerudi anaulipa. Dereva akikuambia kurudi kunakula zaidi hata bila mzigo, msikilize.

Kupima mara moja hakutoshi. Chukua safari tatu au nne ndipo useme gari lako ni la ngapi, na tenga kurasa za masika na za kiangazi, maana tope na gia ndogo hubadilisha kila kitu.

Kugeuza namba: kilomita kwa lita, na lita kwa kilomita 100

Magari yetu mengi yametoka Japani, na huko husema kilomita kwa lita. Vitabu vya Ulaya husema lita kwa kilomita 100. Kugeuza ni kugawa 100 kwa namba uliyonayo, kwenda au kurudi:

100 ÷ 10.2 = lita 9.8 kwa kilomita 100
100 ÷ 9.8 = kilomita 10.2 kwa lita

Jifunze zote mbili. Kilomita kwa lita ni nzuri kwa kuzungumza, ila lita kwa kilomita 100 ndiyo inayoonyesha fedha. Lori likipanda kutoka kilomita 5 kwa lita hadi 6, limetoka lita 20 hadi 16.7 kwa kila kilomita 100. Umeokoa lita 3.3. Gari dogo likipanda kutoka 10 hadi 11, limetoka lita 10 hadi 9.1, umeokoa chini ya lita moja. Kote imeongezeka kilomita moja tu kwa lita, lakini kwenye lori faida ni zaidi ya mara tatu. Ukiwa na hela ya kurekebisha nozo (zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini) za gari moja tu, anza na linalokula sana.

Maili na galoni

Ukikutana na Land Rover ya zamani ya Uingereza au kitabu cha mashine ya Marekani, utakuta maili kwa galoni. Maili moja ni kilomita 1.609. Galoni ziko mbili, na zinapishana sana:

Galoni ya Uingereza = lita 4.546
Galoni ya Marekani = lita 3.785

Kwa hiyo maili kwa galoni ya Uingereza zidisha kwa 0.354 upate kilomita kwa lita. Ya Marekani zidisha kwa 0.425. Gari la "maili 20 kwa galoni" ni kilomita 7.1 kwa lita kwa Mwingereza, na 8.5 kwa Mmarekani. Kabla hujagusa kikokotoo, tazama kitabu kimechapishwa wapi.

Halafu kuna galoni yetu ya mtaani, ile chupa kubwa ya plastiki ya lita tatu au tano. Mtu akikuambia ameongeza "galoni mbili" kule Kaliua, muulize za lita ngapi, ndipo uandike. Na petroli ya kwenye chupa za maji inayouzwa barabarani vijijini huwa haijai mpaka juu. Gawa bei kwa lita halisi uone unavyolipa, na epuka kuihifadhi hivyo. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwa cheche ndogo.

Hatua ya tatu: usichukue wastani wa wastani

Kosa hili nimelikuta kwenye daftari za watu wenye elimu kuliko mimi, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Fuso inaondoka Tabora tupu kwenda kuchukua mawese na dagaa Kigoma. Inatembea kilomita 418 kwa wastani wa kilomita 5 kwa lita. Inarudi na mzigo kilomita 418 hizo hizo, kwa kilomita 3.2 kwa lita. Wastani wake ni ngapi? Wengi hujumlisha 5 na 3.2, wakagawa kwa mbili, wakapata 4.1. Sasa tuhesabu mafuta yenyewe:

Kwenda: 418 ÷ 5 = lita 83.6
Kurudi: 418 ÷ 3.2 = lita 130.6
Jumla: lita 214.2
836 ÷ 214.2 = kilomita 3.9 kwa lita

Kwa 4.1 ungempa dereva lita 204, naye angepungukiwa lita 10 akiwa na mzigo, karibu na nyumbani, usiku. Jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, kisha gawa mara moja tu. Sheria hiyo haina msamaha.

Hatua ya nne: makadirio ya safari

Sasa namba inafanya kazi. Pikapu, kwenda na kurudi kilomita 836:

836 ÷ 10.2 = lita 82
Akiba ya asilimia 10: lita 8
Jumla: lita 90
90 × 3,000 = shilingi 270,000

Akiba hiyo mimi siigusi hata tajiri akilalamika. Kati ya Kaliua na Uvinza kuna vipande virefu vya pori, na mtu aliyeishiwa mafuta pale huyanunua kwa bei ya atakayemkuta. Dereva akirudi nayo, inabaki kwenye tenki na inaonekana kwenye kujaza kunakofuata.

Kama unataka gharama ya kila kilomita, gawa bei ya lita kwa kilomita kwa lita: 3,000 ÷ 10.2 = shilingi 294. Namba hii ibandike ukutani. Mteja akikuuliza nauli ya kupeleka mzigo Sikonge au Nzega, utaanza na ukweli.

Tairi: namba inapodanganya

Hapa nina deni la kueleza.

Tulibadilisha tairi za pikapu. Zilikuwa 205/70R15, tukafunga 235/75R15, pana na ndefu, kwa ajili ya tope. Mwezi uliofuata logibuku, daftari la safari za gari, ikaonyesha gari limeshuka kutoka kilomita 10.2 kwa lita hadi karibu 9.3. Nikajumlisha lita zilizozidi, nikamwita dereva mbele ya wenzake, nikamwambia arudishe mafuta ya watu. Alisema maneno mawili tu: "Kaka, sijachukua." Akaenda kukaa chini ya mwembe.

Kilichonistua siku mbili baadaye kilikuwa kwenye safu ambayo sikuwa nimeisoma. Tabora hadi Kigoma, ua wetu hadi ua wa mteja, siku zote ilikuwa kilomita 418. Safari ile iliandikwa 381. Barabara ile ile, ua ule ule. Barabara haifupiki.

Dashibodi haipimi barabara; inahesabu mizunguko ya gurudumu na kuamini tairi ni ya ukubwa wa kiwandani. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, lakini dashibodi haijui. Hesabu yake ni hii. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, ya mwisho ni rimu kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54.

Tairi ya zamani: rimu 15 × 2.54 = sentimita 38.1. Ubavu 20.5 × 0.70 = 14.35, viko viwili, juu na chini, 28.7. Jumla sentimita 66.8.
Tairi mpya: 38.1 + 2 × (23.5 × 0.75) = sentimita 73.35.
73.35 ÷ 66.8 = 1.098

Kila kilomita iliyosomwa ni 1.098 halisi. 381 × 1.098 = 418. Gari lilikuwa linakula vile vile. Niliyedhani amechukua mafuta hakuchukua tone.

Nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomwambia mbele yao. Nasihi kila msimamizi anayesoma: kabla hujatamka neno "wizi", angalia kwanza umbali wa njia unayoijua. Umbali ukiwa ule ule na lita zimeongezeka, ndipo utafute sababu, na hata hapo anza na upepo wa tairi, breki zinazobana, chujio la hewa na uzito wa mzigo. Umbali ukibadilika, tafuta kwenye magurudumu. Ukifunga tairi za ukubwa mwingine, andika kizidishio kwenye jalada la ndani la logibuku, na kila safari zidisha kilomita kabla ya kugawa.

Kama huna njia ya kulinganisha, tumia simu yenye ramani. Tembea kilomita 20 au 30 kwenye lami ya kwenda Urambo, linganisha umbali wa simu na wa dashibodi, gawa wa simu kwa wa dashibodi. Hicho ndicho kizidishio chako.

Kwa wenye boti

Wanaoshusha mizigo mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wananiuliza kama hesabu hii inafaa ziwani. Inafaa, ila kwa saa badala ya kilomita, kwa sababu upepo na mawimbi hufanya umbali ule ule uchukue muda tofauti kila siku. Kadirio linalotumika kwa injini za petroli za kufunga nyuma ya boti: nguvu ya farasi gawa kwa 10, unapata galoni za Marekani kwa saa injini ikifunguliwa yote. Injini ya farasi 40 ni galoni 4, yaani kama lita 15 kwa saa. Baada ya hapo pima yako mwenyewe.

Kisha tumia theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Saa mbili za kwenda ni lita 30, beba 90. Kwa injini inayotaka mchanganyiko wa 50 kwa 1, lita 90 zinahitaji oili lita 1.8, na kila dumu la lita 20 ni mililita 400. Ziwani hakuna wa kukuuzia mafuta kwa bei yoyote, ndiyo maana akiba ni kubwa hivi.

Pipa la uani

Anayehifadhi dizeli kwenye pipa anahitaji kujua imebaki ngapi bila kulimwaga. Lisimamishe wima (likilala hesabu hii haifai), pima upana wa ndani na uchukue nusu yake, izidishe yenyewe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha kwa kimo cha mafuta. Ukitumia sentimita, gawa kwa 1,000 upate lita. Pipa letu lina upana wa ndani wa sentimita 57:

28.5 × 28.5 × 3.14 = 2,550
2,550 ÷ 1,000 = lita 2.55 kwa kila sentimita

Mafuta yakisimama sentimita 34, ni lita 86.7.

Pipa la namna hii huitwa la lita 200, ingawa likijaa kabisa hupita hapo, na usilijaze kabisa. Dizeli hutanuka kama asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya joto, petroli karibu 0.1. Lita 200 za dizeli zilizowekwa alfajiri zikipata nyuzi 12 zaidi mchana zitaongezeka karibu lita 2, zikikosa nafasi zitatafuta pa kutokea. Kwa sababu hiyo hiyo, pima pipa saa ile ile kila siku. Lita mbili "zilizopotea" kati ya jua la saa nane na baridi ya alfajiri hazijaibiwa na mtu.

Kwa uzito, lita moja ya dizeli ni kama kilo 0.84. Mapipa matano ya lita 200 ni kilo 840 kabla hujahesabu chuma chenyewe, uzito unaotakiwa kuingia kwenye hesabu ya mzigo wa pikapu. Mtu akikuuzia kwa tani, tani moja ni kama lita 1,190.

Fimbo ya kupimia iwe ya mti mkavu, na upime ukiwa nje, bila sigara wala kibatari. Yetu ni ya mninga, ina alama ya msumari kila sentimita, na karibu na alama ya 34 yameandikwa kwa kalamu ya risasi: "lita 87, saa 12 asubuhi". Aliyeichonga ni dereva yule wa chini ya mwembe, na yeye ndiye anayeandika logibuku siku hizi.